Lori ya Isiolo iliyoandikwa GARI, na mama aliyekuwa eda wakati wanataka kulifuta hilo neno

Wakuu, salaam aleikum kwa walio wa salaam, na habari zenu kwa wale wengine.

Hii si chai. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na sehemu nyingine niliifanya kwa hii mikono yangu yenye rangi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Isiolo ni ndogo na watu hapa wanasoma kila kitu.

Mimi ni fundi wa kuandika. Naandika milango ya maduka, mabango ya hoteli, vizuia matope vya boda. Lakini kazi inayonilisha ni malori ya mifugo, zile zinazoshuka na mbuzi kutoka Garbatulla na kwingine huko ndani.

Mwenye lori akinunua lori anafikiria jina kuliko anavyofikiria jina la mtoto. Nimeandika Wivu Hausaidii. Nimeandika Mungu Anaona. Kuna mmoja aliniambia niandike Usinifuate Nimepotea, nikaandika, na kweli siku ya kwanza alipotea huko mbele ya Ngaremara.

Sasa miaka kadhaa nyuma akaja Haji Jama.

Haji alikuwa mtu wa zile familia ambazo babu zao walikuja hapa na jeshi la mkoloni, wakapewa mahali pa kukaa, wakageuka watu wa usafiri. Alikuwa mrefu, mpole, anaongea Kiswahili polepole akichagua maneno. Alikuwa na lori mpya. Mpya kwake, yaani, maana ilikuwa imetumika sana huko ilikotoka.

Nikamuuliza, "Haji, tuandike nini hapa juu ya kioo?"

Akasema, "Andika Gari."

Nikangoja aendelee. Gari la nani, gari la wapi, gari la moto? Hakuendelea.

"Gari tu?"

"Gari tu. Herufi kubwa."

Wakuu, mimi si mtu wa kubishana na mteja. Ukitaka niandike MLANGO kwa mlango nitaandika. Lakini moyoni nilisema huyu mzee ameishiwa.

Nikaandika. Nyekundu, na kivuli cheusi pembeni. Mpaka leo nasema ni moja ya kazi zangu safi.

Mji ukacheka wiki nzima. Vijana wa soko la mifugo walikuwa wakiiona inakuja wanapiga kelele, "Gari hiyo! Mnaona? Ni gari!" Eti wakidhani Haji anaogopa watu wataichanganya na ngamia.

Halafu kicheko kikaisha, kila mtu akaanza kuielewa kivyake. Wabeba mbuzi wa Kiborana walisema mzee ana akili, kwa maana gaari kwao ni kitu kizuri. Dereva mmoja kutoka Mandera, Mgarre, alisimama mbele ya lori akaipiga picha. Anasema kuna watu wanawaita Gari, kwa hivyo hiyo ni kabila yake imeandikwa hapo bila hata kuombwa. Mama yangu ni Mmeru. Yeye alitingisha kichwa akasema ukiongeza n mbele inakuwa chui, na nani atapanda lori ya chui na mbuzi wake?

Mimi nikaingia Google, na hapo ndipo niliharibika. Nawaambia hilo neno limetembea kuliko sisi wote humu.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuliletewa na Wahindi, kwao ni gari vilevile, ile ya magurudumu. Kwa Wahausa gari ni mji, na ukivuta sauti kidogo ni unga. Afrika Magharibi yote wanakula gari, ni ule unga wa muhogo. Kuna watu wanaitwa Wabaski, huko mpaka wa Uhispania na Ufaransa, gari kwao ni ngano. Armenia ni shayiri. Japani ni tangawizi ile wanakula na samaki mbichi.

Yaani neno moja fupi, huku linabeba watu, kule linaliwa. Na si kwamba yote yametoka kwa mama mmoja. Wengi hao hawajuani kabisa. Ni kama watu wawili wanaoitwa Juma wamekutana stendi.

Nilikuwa nikiwasomea watu wa kibanda changu mpaka wakanichoka.

Turudi kwa Haji. Siku lori ilipotoka kwangu, alichinja mbuzi pale uwanjani kwake kama ilivyo desturi. Shehe akasoma dua ya safari, watu wakala. Tulikuwa mchanganyiko, Wasomali, Waborana, Waturkana, sisi wa Meru. Kwa hivyo Haji aliposimama aliongea Kiswahili, ili kila mtu asikie.

Akasema mnanicheka, mnauliza kwa nini Gari. Kwetu sisi Wasomali, mbali na hii ya magurudumu, gaari ni mwanamke anayejua kushika nyumba. Mwanamke ambaye ukimwachia kidogo unakuta kingi. Mke wangu ametoa dhahabu yake yote, ya arusi na ya mama yake, ndiyo hii mnaona imesimama hapa. Hii lori ni yake. Mimi ni dereva wake.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama Safia, mkewe, alikuwa kwa mlango na wanawake wengine. Alijifunika uso na ushungi akarudi ndani. Nilidhani amekasirika. Baadaye nikajua ilikuwa aibu ya furaha.

Miaka ikaenda. Lori ikazeeka, rangi yangu haikuzeeka. Halafu Haji akaugua kidogo tu, akafa. Mungu amrehemu.

Mama Safia akaingia eda. Kwa wale wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, hajipaki manukato. Wanawake wanakuja kukaa naye. Wanaume wakiwa na jambo wanaongea kupitia kwa mtu.

Eda haijafika hata nusu, nikaona lori ya Haji inaingia kwa uwanja wangu. Aliyeendesha ni Abdi, mdogo wake Haji.

Akaniambia futa hilo neno, andika Abdi na Wanawe. Na milango upake kijani.

Sasa hapa nieleze kitu. Sisi mafundi wa kuandika wa hapa tuna desturi moja ambayo haijaandikwa mahali popote. Mwenye lori akifa, jina lake haliguswi mpaka fundi mwenyewe aende kwa ile nyumba, atoe pole, aulize. Unaenda hata kama umeshatoa pole siku ya mazishi. Kuna fundi mmoja zamani hakuenda, watoto wa marehemu wakaona lori ya baba yao inapita na jina la mtu mwingine kabla hawajaambiwa imeuzwa. Huyo fundi hakupata kazi tena hapa.

Nikamwambia Abdi sawa, nitapitia nyumbani kwanza.

Akasema hapana, "Mama ako eda. Hasumbuliwi."

Nikamwambia siendi kumsumbua, naenda kutoa pole.

"Pole ulishatoa. Wewe anza kazi."

Nikashika brashi. Alipoondoka nikanawa mikono na thina, ile dawa ya kutoa rangi, nikaenda.

Nilipokewa na Safia, binti yao wa pekee, ni mwalimu. Nikaketi barazani, mama akiwa ndani nyuma ya pazia la mlango. Nikatoa pole tena. Halafu nikauliza, mama, ile kijani mnataka iliyoiva ama ya majani?

Safia akasema, "Kijani gani?"

Ndiyo hivyo. Abdi alikuwa amewaambia lori imepelekwa gereji kubadilishwa springi. Hawakujua kitu. Nilisikia mama akiongea na binti yake Kisomali kwa sauti ya chini, na sikuhitaji mkalimani kujua ameshtuka.

Na msimwone Abdi ni jambazi, wakuu. Haji hakuacha mtoto wa kiume. Kwa sheria yao ndugu anapata fungu katika mali ya marehemu, na ni haki yake kabisa. Kama lori ilikuwa ya Haji, Abdi ana sehemu kubwa. Kama ilikuwa ya mama, hana hata tairi. Na ile lori ndiyo ilikuwa chakula cha hiyo nyumba, hakukuwa na kitu kingine cha maana. Ubaya wake ni kwamba alitaka kumaliza mambo wakati mwenyewe amefungiwa ndani na hawezi kutoka kusema chochote. Hiyo iliniuma, nasema wazi.

Mama akaniambia kupitia pazia, Kiswahili chake kibovu kuliko changu, "Mwanangu, wewe siku ile ulikula mbuzi yetu. Ulisikia."

Nikasema nilisikia, mama.

Safia akaenda kwa shehe siku hiyohiyo. Mimi nikarudi kwa uwanja kufanya kazi ninayoijua vizuri, kuchelewesha. Kila fundi duniani anajua kuchelewesha, na mimi nina kipaji. Abdi akija namwambia andakoti, ile rangi ya chini, haijashika. Kesho yake upepo umeleta vumbi. Kesho kutwa kijani ya Isiolo ni mbaya, nimeagiza Meru. Alinitukana mpaka akaishiwa na Kiswahili akaendelea na Kisomali.

Wazee wakaketi baada ya swala ya alasiri, uani mwa msikiti. Nikaitwa. Nilivaa shati ya kanisani.

Shehe akaniuliza nilichosikia siku ya dua, nikasema neno kwa neno. Neno, dhahabu, dereva wake.

Abdi akaruka. "Huyu hata si Mwislamu! Tunagawa mirathi kwa maneno ya mtu wa kupaka rangi?"

Shehe akamjibu. "Hatujamuuliza habari ya swala. Tumemuuliza habari ya lori aliyoiandika."

Halafu Mzee Guyo, Mborana, dalali wa ng'ombe wa siku nyingi, akainua mkono. Akasema yeye pia alikuwepo. Alikuwa amekaa karibu na sufuria, na Haji alisema hivyohivyo, na yeye alimtania Haji kwamba hajawahi kuona mwanamume anajisifu kuwa ameajiriwa na mke. Wengine wawili wakasema ndiyo, na wao walisikia. Mmoja akakumbuka mpaka sonara aliyenunua hiyo dhahabu.

Abdi akakaa. Akasema, "Mimi siku hiyo nilikuwa Moyale. Hakuna aliyeniambia."

Hata mimi nilimhurumia kidogo. Kidogo.

Wazee wakaamua lori ni ya mama, isimame mpaka atoke eda aseme mwenyewe. Mbuzi wachache na kiwanja kidogo alichoacha Haji wagawane kwa sheria, na Abdi apate chake. Akakubali. Siku hizi wanasalimiana vizuri, hata sikukuu ya Idi Abdi alimletea mama kondoo.

Nikafikiri kazi imeisha hapo. Nikajiona shujaa, niwaambie ukweli. Nilikuwa nimeokoa neno langu jekundu na kivuli chake.

Eda ikaisha. Siku chache baadaye mama Safia akaja kwa uwanja wangu na binti yake. Ndiyo mara ya kwanza namwona vizuri tangu mazishi. Amevaa dirac ya bluu, lile gauni pana la Kisomali, ananukia ubani wa nyumbani kwao. Alikuwa amekonda sana.

Akazunguka lori polepole, akagusa mlango. Akaja mbele, akainua kichwa akaangalia pale juu.

Akasema, "Futa."

Nikadhani sijamwelewa. Nikamwambia mama, wamesema ni yako, hakuna mtu atagusa.

"Najua ni yangu. Futa."

Safia akageuka akaangalia barabarani.

Nikamwuliza kwa nini. Sikupaswa kuuliza, lakini niliuliza.

Akasema, "Yeye alikuwa akirudi safari, kabla hajavua viatu, ananiita hivyo kwa mlango. Kila safari. Tulipomzika, kabla hujaletewa lori, ikipita nyumbani watoto wa barabarani wanalisoma neno kwa sauti, na mimi nasimama naenda kufungua."

Nikachukua msasa na ngazi nikapanda.

Nilifuta herufi moja moja, yeye akiwa amesimama pale chini juani, amekataa kiti. Nilipofika ya mwisho aliniambia ngoja. Akaiangalia kidogo. Halafu akasema haya, malizia.

Pale juu hapajaandikwa kitu mpaka leo. Akitaka jina jipya nitamwandikia, hajataka.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mimi nilikusanya maana za hilo neno kutoka nchi ambazo sitawahi kufika, ngano, shayiri, tangawizi, na nilijiona najua. Yule mama alikuwa na maana moja, na mwenye kuisema amezikwa.

La pili, kama una jambo na mjane, subiri atoke umwambie usoni.

Basi, kama kwenu gari ni kitu kingine ambacho sijataja, leteni hapa chini. Mnaonijua Isiolo, tafadhali msimpelekee mama huu uzi. Wale mlioachiwa neno na mtu aliyeondoka, kama mnaweza kulisema, semeni. Nitasoma yote.