Majani ya Ndizi ya Mama

Dada yangu mukubwa alikufa asubui mu mikono ya mama, na mimi kando yake nilikuwa natapika. Maiti ilikuwa bado mu nyumba, majirani ba mutaa yetu ya Naviundu bakaanza kusema kikanda ya mama ndiyo iliua mutoto wake.

Kikanda ni mukate ya mizizi na karanga. Mama alikuwa anaiuzisha mu soko, kila kipande mu jani ya ndizi, jani amelipitisha kwanza ku moto juu lisipasuke. Ukimaliza kula unatupa jani, mbuzi anaokota.

Siku moja, dada angali muzima, mukubwa wa soko akamusimamia.

«Citoyenne, hapa ni muji; bantu ba ville habakulake mu majani sawa mbuzi.»

«Tata, mbuzi ndiye anakula majani. Sisi tunakula chenye kiko ndani.»

Bamama bakacheka, yeye hapana. Akakataza majani, akaleta makaratasi ya mifuko yenye ilibebaka dawa ya mine, ile ya kusafisha shaba yenye banachimba. Vumbi nyeupe ilikuwa ingali mule; mama akakung'uta tu. Yeye mama hakusoma. Ule mukubwa alisoma, na alama ya hatari ilikuwa pale juu. Kikanda ya kwanza mu karatasi, tulikula sisi batoto, dada na mimi.

Mama iko muzee sasa, na bado banamuita mulozi. Mukubwa ule iko muzima, anakaa mu mutaa ya Hewa Bora. Aje mu soko, aseme mbele ya bamama bote: karatasi ilikuwa yangu, kikanda haikukuwa na kosa.