Debe Nililitua Kwanza

Kosa ni langu mwenyewe, ndugu wasomaji. Nilizoea kujigamba kwamba hakuna cha kunishangaza mimi. Darasa la pili sikulimaliza, nimekata mkonge Korogwe tangu sijaota ndevu, leo nina mashine ya kusaga hapa Chanika. Nani kanisaidia? Hakuna! Mikono yangu tu.

Siku moja daktari mmoja, mteja wangu, akanisimulia kwamba wataalamu humfungua mgonjwa fuvu yu macho, wakamgusa ubongo kwa waya wa umeme. Mkono unainuka wenyewe! Akasema wapo wanaoamini hata sisi wazima ubongo ndio unaoamua, sisi tunafuata tu.

Loo, nilivyoipenda habari ile!

Wiki ile ile mke wangu akawasagia bure akina mama waliohamia kijiji cha ujamaa. Nikamzaba kofi mbele ya foleni nzima.

Baba mkwe akashuka kutoka Dindira, kule milimani Korogwe. Tukakaa, na balozi wa nyumba kumi na majirani. Mzee hakutaka mbuzi wala fedha. "Sema nimekosa, basi. Mwanangu atabaki."

Neno moja! Likanishinda.

"Baba, hii ni sayansi," nikasema. "Si mimi niliyempiga, ni ubongo. Mkono uliinuka tu."

Mke wangu akanitazama. "Na mashine je, bwana? Ubongo ndio ulioinunua?"

"Ile nimeinunua mimi!"

"Ahaa. Kumbe siku za sifa upo. Siku za makofi umesafiri."

Wakaangua kicheko, hata balozi. Nikapandwa na hasira. "Nenda basi!"

Akaenda.

Baadaye nikamlalamikia daktari. Akasema, "Hukungoja nimalize. Yule mgonjwa aliwaambia wataalamu: mkono huu sikuuinua mimi, mmeuinua nyinyi. Alijua tofauti. Wewe hukujua?"

Nilijua! Siku ile nilikuwa nimebeba debe la unga. Nililitua kwanza, taratibu, lisimwagike. Ndipo nikapiga.

Nimechoka, jamani. Mashine inanguruma mchana kutwa, jioni nafungua mlango hakuna wa kuniuliza nimekula nini. Wewe mwenzangu, waache wataalamu wabishane juu ya ubongo. Ukikosa, sema nimekosa, tena siku ile ile.

Mbuzi sikutoa, faini sikulipa. Nililipa nauli ya basi ya mke wangu mpaka Korogwe, kwa mkono huu huu: shilingi nne na senti hamsini.