Chiriku wa Uluguru na Kioo cha Pikipiki

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Sinywi. Asubuhi ile tumboni nilikuwa na chai ya rangi na kipande cha muhogo, akili zangu zote nilikuwa nazo, na jua lilikuwa limeshapanda. Watu hudhani mambo haya huja usiku tu. Mimi yamenikuta mchana, juu ya Morningside, milimani Morogoro, na mpaka leo naishi nayo.

Nianze na ndege, maana bila yeye hutanielewa. Chiriku wa kawaida unamjua, yule wa manjano anayeshinda akipiga kelele mashambani. Sasa huko juu Uluguru, pale mashamba ya kabichi yanapokoma na msitu kuanza, yuko chiriku mwingine. Dume ana manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, kichwa cheusi chote mpaka kooni kama aliyevuta kofia ya sufu, na mdomo wa rangi ya chungwa. Jike ni wa kijani iliyofifia, hana kofia, ukimtazama haraka utadhani ni jani. Hawapigi kelele hawa. Hutembea wawili wawili, chinichini vichakani, wakila mbegu na matunda ya miiba, na huitana kwa mluzi mwembamba ambao ukikohoa tu umekupita.

Kumpiga picha ndege wa hivyo kunataka subira, na mimi subira sina. Nimezaliwa Tabora, nikakaa Mbeya, Tanga, Mtwara, na kila nilipofika nililia nilikotoka. Mahali pekee miguu yangu ilipotulia ni Mafiga, hapa Morogoro mjini, kwa Rehema.

Rehema ni mke wangu. Ni Mluguru, na nyumba tunayokaa aliachiwa na mama yake. Kwao ardhi hufuata upande wa mama. Mume ndiye anayekuja. Hakuna aliyewahi kunisimanga kwa hilo, lakini mwanamume anayekaa kwa mkewe hulala jicho moja wazi. Akifukuzwa, hana hata mti wa kuegemea. Wewe ungelalaje?

Basi Chande, jirani yetu na mpiga picha mwenzangu, siku moja akaja na picha ya yule jike. Picha nzuri, sisemi uongo. Umande ulionekana mpaka kwenye kope.

"Shemeji, ona macho hayo," akamwambia Rehema. "Ana haya kama wewe."

Rehema akacheka, akaomba atumiwe, akaifanya picha ya mbele ya simu yake. Tangu siku hiyo simu ikilia mezani, namwona Chande. Akiangalia saa, namwona Chande.

"Na dume wake yuko wapi?" nikauliza.

"Dume hapigiki, kaka. Mimi nimeshindwa, sembuse wewe uliyezoea mabibi harusi? Wale husimama wenyewe!" Akapiga paja. "Ukimpata, nitakuamkia shikamoo mbele ya mtaa mzima."

Tuko rika moja mimi na Chande. Rehema akacheka mpaka akashika ubavu. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha mlima.

Nilikuwa na hila yangu. Kila mwendesha bodaboda wa Morogoro ameshaona ndege akipigana na kioo cha pembeni cha pikipiki. Dume akijiona humo hudhani ni dume mwingine kamwingilia nyumbani, na hapo husahau woga wote. Nikafungua kioo cha pikipiki yangu, nikakitia kwenye begi na kamera yangu ya mtumba, nikapanda.

Nilipofika ukingoni mwa msitu nikakifunga kioo kwenye tawi, karibu na kichaka cha miiba, nikajibanza nyuma ya jiwe. Ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka, kama ilivyo huko. Haukupita muda mrefu, dume akatua.

Loo! Uzuri gani ule. Akakitazama kioo, akavimbisha manyoya, akakivamia. Ta! Ta! Ta! Akapiga kwa mdomo, akapiga kwa kucha, akaanguka, akarudi. Hakutulia hata kidogo, kila picha ikatoka manjano tupu iliyovurugika. Nami sikukifungua kile kioo. Nilitaka picha moja safi.

Ndipo jike akaja. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Akatua juu ya tawi, akainamisha kichwa, akamtazama yule wa kwenye kioo. Akamtazama sana. Kisha, niamini, akasogea akamwonyesha mbegu aliyokuwa nayo mdomoni, kama anavyofanyiwa mume. Dume wa kweli alikuwa chini kwenye majani, amefunua mdomo, anahema.

Ukungu ukafunga. Sikuona hata mkono wangu. Ulipolegea, karibu na kioo alisimama mtu.

Alikuwa mfupi, amevaa koti la mvua la manjano lililochakaa na kofia nyeusi ya sufu iliyovutwa mpaka shingoni. Alionekana kunizidi umri, nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Je, wewe umewahi kumwamkia mtu mzima mlimani asikuitikie? Alikuwa anahema. Mdomo wake umechanika, damu inamtoka, na midomo yenyewe ilikuwa na rangi ambayo sijaiona kwa binadamu.

"Nani kamleta huyu?" akauliza, akionyesha kioo. Sauti nyembamba, kama inatoka kwenye ufa.

"Hakuna mtu hapo, mzee. Ni kioo tu."

"Usinifanye mtoto. Nimempiga, hachoki. Nikiumia mimi, yeye anazidi kupendeza." Akatazama kichakani, akashusha sauti. "Hapa ni kwa mke wangu, bwana. Kichaka hiki ni cha mama yake. Mimi nilikuja tu. Sasa kaona mwingine, mzuri kama mimi, asiyechoka, asiye na njaa. Mimi niende wapi?"

Maneno yale nilikuwa nimeyasema moyoni mwangu mara nyingi kitandani Mafiga, na sasa nayasikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Nisamehe, mzee. Nakiondoa."

"Hapana. Nakuondolea mimi." Akakifungua kioo kwa vidole vyembamba vyenye kucha ndefu, akanikabidhi kikiwa kimenielekea usoni. "Tayari amekuona. Mchukue ukakae naye kwako."

Ukungu ukampitia, naye akawa hayupo. Pale pale jua likatoka, na kwenye tawi mbele yangu alikuwa dume, peke yake, ametulia kama bibi harusi, damu kidogo pembeni ya mdomo. Ananitazama. Nikabonyeza mara moja. Ile ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani.

Chande alipoiona aliisogeza karibu na macho, akaikagua mpaka kwenye manyoya. Kisha akasimama mlangoni kwetu, majirani wakitazama, akasema, "Shikamoo." Nilishindwa kuitikia. Nilimkumbuka yule asiyeitikia.

Rehema alifurahi mno. "Mzururaji wangu kumbe fundi! Hebu na sisi tupigwe basi, siyo ndege tu." Akamwomba Chande atupige, akavaa khanga mpya, tukasimama uani.

Picha ilipotoka nikaiangalia. Rehema yumo, anacheka. Kando yake yumo mwanamume ambaye simjui.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Nani tena? Si wewe! Shati nimelifua mwenyewe jana."

Shati langu, ndiyo. Kovu la kidevuni langu. Lakini mimi najijua. Yule anamtazama mke wangu kama mtu aliyefika, asiye na safari nyingine. Mimi sijawahi kumtazama mtu hivyo. Nikakimbilia kioo cha chumbani; naye yumo, kavaa shati langu, anatazama nyuma ya bega langu, anamtafuta Rehema.

Rehema ameshaiondoa picha ya jike wa Chande. Sasa simu ikilia mezani, anayeonekana ni huyo. "Hapa ulitoka vizuri," huniambia. "Umetulia. Ungekuwa hivi siku zote." Wakati mwingine nikiingia uani namkuta ameshika simu anaitazama, ameinamisha kichwa upande, na tabasamu ambalo akiniona huliweka kando.

Kile kioo nimekitupa Mto Morogoro. Cha chumbani nimekitoa, nanyoa ndevu kwa kupapasa. Haisaidii. Hawezi kuchoka, haumwi, haondoki kwenda popote. Mimi ndiye ninayekonda.

Kwa hiyo wewe unayepanda Uluguru na kamera yako, sikia la mtu aliyekwisha kuumwa. Msubiri ndege mpaka aje kwa hiari yake, na asipokuja shuka mikono mitupu, kacheke na watakaokucheka. Usimwekee kioo mwenye mke. Na kama umeshaweka, na mtu wa koti la manjano akakunyooshea, fumba macho kabla hujakipokea.