Mlango wa Kioo wa Baba

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila aliyekwenda Dar alirudi na kitu. Wengine redio, wengine mitumba. Baba yangu, mkamua alizeti wa Utemini, mtaa wetu hapa Singida, alirudi juu ya lori na mlango wa kioo wa kusukuma pembeni, alioununua kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Akang'oa mlango wetu wa mbao, akauegemeza kwenye banda la kuku, akapachika kioo chake sebuleni. "Sasa tunaishi," akasema. Mama akaguna tu.

Jamani, Singida na upepo wake! Siku ya kwanza tu vumbi lilijaa kwenye reli ya chini. Mtu mwingine angefagia. Baba akamimina mafuta ya alizeti, na akaendelea kuyamimina kila asubuhi. Kwake alizeti ilitibu kila kitu, hata kikohozi cha mbuzi. Mafuta na vumbi vikasongana kama ugali, vigurudumu vikazama humo. Ukimwambia, anafoka: "Mnausukuma kishamba!" Mwishowe sote tukahamia mlango wa jikoni, tukamwacha apigane na mlango wake.

Basi, siku ya posa yangu ikafika. Yule kijana nilimpenda, nasema wazi, nilimpenda mpaka chakula hakishuki. Shangazi, mkuu wa mambo hayo, alikwishatoa amri: wageni wasinione mpaka niitwe, na mshenga asipitie jikoni hata mvua inyeshe mawe. "Anayekuja kuomba mke haingii kama anayekuja kuomba moto!"

Wakatokea mapema. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kioo, kanga kifuani, nywele zimesukwa nusu, nakwangua reli kwa kijiko. Nikainua macho. Mshenga huyo hapo kibarazani, mzee wa Misigiri, kofia mkononi, ananitazama. Nijifiche wapi, na mlango wenyewe kioo?

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Endelea na kazi."

Baba akasukuma, mshenga akavuta. Ukapatikana upenyo wa kupita kuku, na kuku akapita kweli. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mshenga akasema, "lakini naona mgeni mwenyewe ni huyu kuku." Mama akaomba wazungukie jikoni. Shangazi akaenda kusimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni. Jua likawachoma wale wazee mpaka utani ukawaisha. Mshenga akavaa kofia.

"Kama hamtutaki, semeni. Turudi kwetu kungali mchana."

Nikaangua kilio palepale, kijiko mkononi.

Baba akanitazama. Huyu hakutaka hata nzi atue kwenye kile kioo. Akachukua bisibisi, akafungua kizuizi cha juu, akaita nje: "Mzee mwenzangu, shika huko! Tunyanyue juu kwanza, halafu chini uvute kwako." Wakanyanyua, wakihema. Mlango ukatoka mzima, mshenga akabaki ameukumbatia, koti limelowa alizeti. Wageni wakaingia, na vumbi nalo likaingia. Posa ikapokelewa.

Baba akarudisha mlango wa mbao. Kioo kikaenda bandani, jogoo akawa anapigana na sura yake mwenyewe. Siku naondoka kwenda kwa mume wangu nikamtania: "Baba, mlango wako hutaurudisha?"

Hakucheka.

"Ulifunguka kweli siku moja tu," akasema, "na ndiyo siku niliyokutoa wewe. Wa nini tena?"