Nimejenga kompyuta ya kurekodi muziki Nachingwea, nikaiua mwenyewe kwa mifuko ya salfa

Wakuu, habari za humu ndani. Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sina wa kumpelekea zaidi ya mimi mwenyewe. Hakuna chumvi hapa. Anayetaka kucheka acheke, ruksa.

Mimi ni fundi simu hapa Nachingwea mjini. Mchana nahangaika na chaja za watu, jioni narekodi muziki nyumbani. Siyo msanii. Nikiimba mimi hata kuku wanahama uwanja. Napenda tu kurekodi.

Nilikuwa na laptop ya zamani ambayo feni yake inavuma kama mashine ya kusaga. Kila unachorekodi kinatoka na huo mvumo. Ukiongeza track ya tatu inaganda, unaanza upya. Nikasema basi, najenga desktop yangu, ya muziki tu, hakuna gemu wala movie.

Ila sababu kubwa ilikuwa shangazi yangu.

Shangazi Somoe anakaa Mbekenyera, kule Ruangwa. Ni dada mkubwa wa marehemu baba na ndiye aliyenilea. Anaimba nyimbo za Kimwera, za kupalilia, za mavuno, za kumtoa mwali nje. Zile za ndani kabisa za unyago hazitoi mbele ya mwanaume, na mimi alishaniambia nisijisumbue kuuliza. Kuanzia Mbekenyera mpaka Chinongwe, harusi ambayo hajaimba yeye watu wanaona kama imebaki nusu. Sauti yake ilikuwa nyembamba na inapanda juu sana, unajiuliza pumzi anaitoa wapi.

Sasa shangazi alikuwa na rovu shingoni. Likakua mpaka kumeza ikawa shida. Akapewa rufaa akafanyiwe upasuaji, na daktari hakumficha, akamwambia panapokatwa pako jirani na mshipa wa sauti, kwa hiyo sauti inaweza kubadilika.

Akanipigia simu. "Nasoro, iweke sauti yangu mahali kabla hawajanipasua. Wajukuu watakuja kuitafuta."

Kwa hiyo muelewe wakuu, kulikuwa na tarehe ya hospitali na mimi nilikuwa nakimbizana nayo.

Vifaa nikaagiza Dar kwa mtu wa mtandaoni, vikaja na basi. Fungua boksi, RAM aliyoweka ni ya laptop. Fupi, haiingii hata ukiisomea dua. Nikampigia. Akaniambia, "Kaka, hiyo ni ileile, imekaa kifupi tu." Nikakata simu.

Nikairudisha. Ikaja ya kweli, lakini power supply ikawa haina waya mmoja unaotakiwa kwenye motherboard. Rudisha tena. Casing niliipata stationery moja hapa mjini, walikuwa wanaitumia kuwekea birika la chai. Ndugu zangu, mkoani ukitaka kujenga PC anza kwanza kujenga moyo.

Ila siku ilipowaka! Kimya kabisa, huisikii hata ukiinamia. Nikamwita mke wangu aje asikilize kimya. Akasikiliza, akauliza kama ndiyo imeisha, akarudi jikoni.

Ikabaki chumba. Nyumba yangu ni ya bati, haina dari. Ukiongea neno moja linakurudia mara tatu. Video zote zinasema bandika foam ukutani. Foam ya studio Nachingwea utaitoa wapi?

Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi, na ni heri ingelala.

Kwa wasio wa kusini, salfa ni unga wa njano tunaopulizia mikorosho ili ugonjwa wa ubwiriunga usimalize maua. Huku kila mwenye shamba ana mifuko mitupu ya salfa kwenye stoo. Mimi nina shamba dogo Naipingo, mifuko ninayo rundo. Migumu, mizuri, kuitupa unaona uchungu. Nikaikung'uta, nikajaza maranda ya seremala, nikaishona na kuivalisha vitenge, nikaitundika kuta zote nne. Mwangwi ukaisha. Chumba kikapendeza, wateja wangu wakawa wanakuja kupiga picha tu.

Mke wangu akasema chumba kinanuka shamba. Nikamwambia huu ni msimu, Nachingwea nzima inanuka salfa, hata supu inanuka salfa. Na kweli inanuka. Ukishakulia huku pua yako haikwambii kitu tena.

Ufuta ulipoisha kuvunwa shangazi akaja. Bodaboda mpaka Ruangwa, halafu hiace mpaka kwangu, na lile shingo lake kalifunga mtandio. Kuingia tu studio akapiga chafya, akaniuliza kama humu tumepulizia. Nikacheka. Nikamwambia ni vumbi la njiani.

Akaimba. Wakuu, aliimba mpaka jirani akazima redio yake bila kuombwa.

Nikarudia kusikiliza. Chrrr, chrrr, kama mtu anakaanga dagaa nyuma yake. Nikachomoa waya, nikarudisha. Ikawa nafuu. Akaanza tena, katikati ya wimbo PC ikajizima yenyewe. Ilivyowaka, faili hamna, hata lile la kwanza lenye mikwaruzo. Shangazi akasema hana neno, atarudi, akalala kwetu na kesho yake akaenda zake.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza umeme, nikanunua stabilizer. Nikapiga Windows upya. Nikabadilisha RAM. Humuhumu jukwaani niliuliza, mkaniambia driver. Nikabadilisha driver. Mmoja wenu akaniambia nibadilishe mkoa. Nimekuhifadhi jina wewe.

Shangazi akarudi mara ya pili. Safari hii haikuwaka kabisa. Yule mama alikaa kwenye kiti amefunga mikono, ananiangalia navyotokwa jasho, mpaka akaanza kunipa pole yeye.

Kabla sijapata jibu hospitali wakampigia, kitanda kimepatikana, awahi. Tarehe ikawahishwa, sikutegemea.

Mke wangu akaniambia, "Baba Nasri, panda boda umfuate Mbekenyera, umrekodi hata kwa simu."

Najua nanyi mngesema hivyohivyo. Nikamjibu kwamba simu ni ya kuwekea status, sauti ya shangazi haiwekwi kwenye status. Nikashika bisibisi, nikamwambia nipe mpaka jioni. Jioni shangazi akawa ameshapita Ruangwa yuko kwenye basi.

Nikaifungua ile mashine hadi kipande cha mwisho. Feni ina unga wa njano. Motherboard ina unga wa njano. Kila sehemu yenye shaba imeliwa na salfa, imekuwa nyeusi tii, pini za kadi ya sauti ukizikwangua zinatoa masizi. Kila ilipokuwa inawaka ilikuwa inavuta hewa ya kile chumba, na kile chumba nimekizungushia salfa kuta zote nne kwa mkono wangu. Korosho zangu Naipingo hazikuwahi kupuliziwa vizuri hivyo.

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia, ila nilitamani kumpiga mtu na mtu mwenyewe ndiye mimi.

Upasuaji ulienda salama, alhamdulillah. Shangazi mzima, anakula, anameza. Sauti haikurudi. Imekuwa nzito, ina mkwaruzo, na katikati ya mstari pumzi inamwishia.

Mifuko nikaichoma mbali na nyumba. Ukutani nikaegemeza magodoro, motherboard nikapata ya mtumba. Sasa hivi PC inafanya kazi safi, haina hata chembe ya kelele, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Juzi shangazi akaja mwenyewe bila kuitwa. Akaketi mbele ya maiki. Nikamwambia tusubiri kidogo, pengine sauti itarudi. Akanikatisha.

"Rekodi hii hii. Ile watu walishaisikia. Hii hakuna anayeijua bado."

Akaimba wimbo wa kupalilia. Alipoishiwa pumzi alinyamaza, akavuta, akaendelea alipoachia. Akaimba mpaka mwisho na hakuomba kurudia. Mimi nilijifanya naangalia skrini.

Somo sasa. Ukijenga PC mkoani, kagua vifaa mbele ya kondakta kabla basi halijaondoka. Mifuko ya salfa iishie shambani, hata ukiifua. Na kama una mzee wako mwenye sauti, mrekodi leo kwa chochote ulichonacho. Studio inaweza kusubiri.

Najua mtanishambulia kwenye comments, shambulieni. Ila nina ombi. Kama kuna mtu humu alishawahi kuhudhuria harusi Mbekenyera au Chinongwe, kukawa na mama mrefu mwembamba, mtandio umefungwa shingoni, ndiye anayeongoza nyimbo, angalieni kwenye simu zenu. Hata iwe dakika moja, hata iwe na vigelegele na kelele za watoto, hata picha iwe ya miguu ya watu tu. Naomba mnitumie. PM iko wazi.