Kila anayeniuliza kwa nini nilihama Kindu namjibu "vita". Leo naweka ukweli

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mtu wa Kindu, Kongo, kwa sasa naishi Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kikipinda mnivumilie.

Hii si chai ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Kuna uzi humu wa kwa nini watu wanahama kwao. Niliandika neno moja tu, "vita", nikamwagiwa pole. Zile pole zimeninyima raha.

Vita vilikuwepo kweli. Ila mimi niliondoka kabla havijafika mtaani kwetu.

Nyumbani, mtaa wa Kasuku hapo Kindu, tulikuwa watatu: mama, dada yangu mkubwa Zaina, na mimi, miaka kumi na tisa. Mama alikuwa mbovu wa nyonga, akipiga hatua ishirini lazima akae.

Tulikuwa na baiskeli moja. Barabara zilikuwa zimekufa, mizigo ya machimboni ilisukumwa kwa baiskeli: unafunga fimbo kwenye usukani, unapakia chumvi na sabuni, unatembea siku kadhaa porini.

Yetu tulikubaliana isifanye biashara. Zaina aligongelea kiti cha mbao kwenye ubao wa keria, ili siku ya kukimbia mama akae pale tumsukume. "Baiskeli hii njo miguu ya mama," alisema kila mara, yaani ndiyo miguu yake.

Halafu rafiki yangu akarudi kutoka Kampene, kwenye machimbo ya dhahabu, na viatu vya ngozi. Wakuu, viatu tu! Nikajiona nimebaki mjinga wa kuchota maji.

Asubuhi moja, Zaina akiwa sokoni, niliking'oa kile kiti nikakiegemeza ukutani jikoni. Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele. Nikamdanganya naenda kuziba pancha.

"Usikawie, mutoto wangu," akasema.

Nikapakia chumvi ya mfanyabiashara mmoja, nikashika njia ya Kampene. Nilijiambia ni wiki mbili tu. Siku ya tano habari zikatukuta njiani kwamba risasi zimeingia Kindu.

Ningeweza kugeuka. Wasukuma baiskeli wenzangu wawili waligeuka. Mimi nilisonga mbele, Kampene, baadaye Kigoma, na kila nilipoulizwa sababu nilijibu vita.

Huku nyuma Zaina alimfunga mama mgongoni kwa kitenge, kama unavyombeba mtoto. Akatembea naye hadi mtoni, wakavuka Lualaba, wakajificha mashambani. Mgongo wake haukupona tena. Haya nilikuja kuyajua kwa watu, maana yeye hajawahi kunieleza.

Mwaka huu ndiyo nimerudi mara ya kwanza. Mama nimemkuta hai, mzee kabisa, ameketi jikoni anachagua mchele.

Amekalia kile kiti. Nilikitambua kwa matundu ya misumari niliyoing'oa mwenyewe.

Akaingia jirani, bibi mmoja mcheshi, akapiga vigelegele. "Kumbe huyu njo ule mutoto mama yake alimutumaka kutafuta chumvi, vita ikamufungia njia! Mama yako alitueleza yote!"

Nikamwangalia mama. Akainamia ungo wake. Zaina, aliyekuwa nasi jikoni, akatoka nje.

Jirani alipoondoka nikamuuliza mama kwa nini alisema vile.

"Watu walikuwa wanauliza kila siku mutoto wako iko wapi," akanijibu. "Nikasema ni mimi njo nilikutuma. Nilitaka siku ukirudi, upate fasi ya kupitia."

Nililia, wakuu, mwanaume mwenye mvi. Aibu ile sijui hata niisemeje.

Nilichojifunza: si kila aliyehama wakati wa vita alifukuzwa na vita. Wengine tulikimbia mzigo wetu wenyewe, vita vikatufunika. Mkisikia mtu anajibu kwa neno moja, msikimbilie kumpa pole.

Sasa nimekwama. Nikisema ukweli mtaani, namfanya mama mwongo uzeeni. Nikinyamaza, Zaina anaendelea kuugulia mgongo huku mimi naitwa mtoto mtiifu.

Jana nilimpigia Zaina simu kutoka huku Kigoma. Akapokea, akasikia sauti yangu, akampa mama simu.

Wenye matusi yaleteni, nitayasoma yote. Ila mwenye ushauri, naomba aanze na Zaina.