Robine ya Muzungu wa Pareto

Mulima aliopewa muzungu wa pareto apande maua yake ulikuwa wetu, wa kuchungia ng'ombe. Nalisema hilo kwanza, maana watu wakisikia yeye njo alituletea maji wanamusifu mpaka napata hasira. Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Bihambwe. Bwana mukubwa wa teritware, mutawala wa serikali ya wazungu, alikuja kutuambia kwamba kila anayepewa ardhi sharti ajenge kitu cha watu wote: mwingine daraja, mwingine barabara. Wetu angevuta maji kutoka juu na kuweka robine, bomba la kufungua kwa mukono. Wanaume walipiga makofi sana. Wanaume hawachoti maji.

Mimi nilikuwa na mimba. Ile ya mwaka uliotangulia iliharibika nilipoteleza kwenye njia ya korongoni, mutungi kichwani. Tangu hapo mama mukwe wangu alinikataza kukanyaga kule. Alichota yeye mwenyewe, na magoti yake mabaya, akirudi analalamika njia nzima kwa sauti ya kutosha ili nisikie. Usiku nilikuwa naomba Mungu vitu viwili, mutoto na robine, na sijui nilianza na kipi.

Robine ikafika. Muzungu aliiweka ndani ya lupango lake mwenyewe, ua wa nyumba yake, chini ya dirisha la jiko lake. "Kila muntu anaweza kuja kuchota," alisema, na alijua vizuri kwamba ni mbali na tutachoka. Mama mukwe aliuliza neno moja tu: ile njia inateleza? Haikuwa inateleza, ilipanda polepole, kavu mwanzo mpaka mwisho. "Basi tutaenda wote," alisema.

Sasa, kwetu huingii kwenye lupango la muntu ukachukua maji yake kimya kama mwizi. Unamusalimia mwenyewe, tena si kwa haraka. Unaanza na "Amashyo", ni kumutakia ng'ombe wengi, naye anakuitikia. Kisha unauliza ng'ombe, nyumba, bibi, watoto, mama yake, majirani. Na salamu zangu si salamu zako, kila muntu anatoa zake.

Asubuhi ya kwanza tulimukuta kwenye baraza na kahawa yake. Mama mukwe alitua mutungi, akaanza. Yule muntu hakuwa na ng'ombe hata mumoja, na bibi yake wa ndoa alikuwa Ulaya. Akajibu "ndiyo, ndiyo", akainua kikombe. Mama aliyefuata akaanza: Amashyo. Tulikuwa wanawake wa mulima muzima. Wa mwisho alipomaliza, kahawa ilikuwa baridi kabisa na mukate umeliwa na kuku.

Kesho yake alimutuma mupishi atuambie tuchote tu, tusisalimie. Mama mukwe alimuhurumia kweli. "Masikini, pengine hakulala vizuri." Kuanzia siku ile akaongeza kumuuliza usingizi. Muzungu akahamia ndani na kahawa yake, tukamusalimia dirishani. Akahamia nyuma ya nyumba, tukazunguka. Naapa hakuna aliyekuwa anamucheka. Labda mimi, kidogo. Nilikuwa nafika wa mwisho kwa sababu ya tumbo, naye akiniona tu anafumba macho.

"Papa," nilimuita kwa heshima, "na mama yako kule Ulaya, hajambo?"

"Hajambo."

"Na ng'ombe za mama yako?"

Pareto haijachanua, tukaona wafanyakazi wake wanachimba mufereji kushuka kwetu. Robine ikahamishwa mpaka chini, kando ya barabara, karibu na nyumba yetu. Watu walipiga vigelegele. Aliyekasirika ni mama mukwe peke yake. "Ametufukuza. Tulimukosea nini?" Kila akienda kuchota, anatazama ile nyumba ya juu na kuuliza ni nani sasa anamusalimia yule muntu.

Mimi nilijifungua salama. Binti. Maji ya kumuogesha niliyasikia yanajaa kwenye beseni nikiwa bado nimelala kwenye mukeka, na nililia kwa furaha bila haya.

Haikupita muda, asubuhi moja muzungu akashuka kwa miguu, bila dereva. Alivua kofia mbele ya mama mukwe.

"Amashyo," alisema.

Mama mukwe aliitikia, macho yamemutoka. Yule muntu akauliza ng'ombe. Akauliza nyumba, watoto, majirani, yote, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, hakuruka hata kimoja. Mitungi ilikuwa inafurika na hakuna aliyefunga robine. Halafu akauliza:

"Na ule mama wa tumbo, simuoni tena. Mutoto iko muzima?"

Nilikuwa ndani, nilisikia. Mwaka uliotangulia, mimba ilipoharibika, watu walimuuliza mama mukwe neno lile lile kila mahali, barabarani, kanisani, na kila mara alitazama chini. Safari hii alimutazama muzungu usoni, maji yanamwagika miguuni mwake.

"Iko muzima," alisema. Akajipangusa macho na pembe ya kitambaa. "Lakini ulipaswa kuuliza mama yake mbele, kisha mutoto. Rudia."

Muzungu akarudia, kuanzia ng'ombe.